Moyo Ukisita, Uulize Umeona Nini

Baridi ya Juni imeshuka na ukungu bado umelala kwenye migomba. Sogezeni redio karibu, maana leo nina habari ya benchi.

Ni benchi la mbao lililoko kwenye kibaraza cha kituo kimoja cha afya huku kwetu milimani. Kituo chenyewe sitakitaja. Dada yangu alikaa kwenye benchi hilo tangu saa tano asubuhi hadi saa kumi jioni, mtoto mgongoni, baada ya kuambiwa mara mbili kwamba aende nyumbani.

Mtoto alikuwa na mwaka mmoja na miezi miwili. Alipimwa malaria, kipimo kikasema hana. Joto halikuwa kali, kwa sababu alfajiri mama yake alikuwa amempa panadol. Hakuharisha wala kutapika. Alikohoa kidogo, kama wanavyokohoa watoto wote wa kwetu Muyama mwezi wa sita. Mtabibu alikuwa peke yake, na foleni nje ilikuwa imeuzunguka mwembe. Akaandika dawa ya kikohozi, akamwambia dada maneno ya kumtuliza. Dada akatoka, akafika barabarani, akasimama, akarudi. Alipoulizwa amesahau nini, alijibu, "Huyu mtoto siyo yeye." Akaulizwa ana nini. Akasema hajui. Akaambiwa tena, kwa upole, aende.

Hakwenda. Alikaa kwenye benchi.

Saa kumi muuguzi wa zamu ya jioni alipita pale akamkuta, akamwuliza, "Mama, wewe bado?" Dada akarudia maneno yake yale yale. Muuguzi yule, Mungu ambariki popote alipo, hakumwambia aende. Alimfungua mbeleko, akampandisha mtoto shati hadi kifuani, akatoa simu yake yenye saa, akatulia. Akahesabu pumzi dakika nzima bila kusema neno. Zilikuwa 58. Kwa mtoto aliyevuka mwaka mmoja, pumzi 40 kwa dakika au zaidi zinatosha kukufanya uanze kufikiria nimonia. Na chini ya mbavu nyama ilikuwa inabonyea kila anapovuta hewa. Sindano ya kwanza alichomwa pale pale, gari likatafutwa, na siku sita zilizofuata alikuwa wodini.

Kiswahili cha mtaani kina neno lake kwa kilichompata dada yangu siku ile: machale yalimcheza. Wazee wetu husema moyo umesita, au nafsi imekataa. Wengine husema mwili umewasisimka. Maneno ni mengi, na wingi wa maneno unaonyesha kwamba kitu chenyewe tunakijua. Hata hivyo tunakiogopa. Msomi anaona aibu kukitaja mbele ya wenzake. Asiyesoma anakitaja lakini anakiita kudra, na hapo mazungumzo yanaishia. Mimi sikuridhika na majibu hayo yote mawili. Wiki chache baadaye, tukiwa tumekaa uani tunapukuchua maharage, nikamwuliza dada: siku ile uliona nini?

Akasema, "Ni moyo wa mama tu." Nikamwambia hapana, turudi pole pole, tangu ulipoamka.

Tukarudi. Kifuniko cha sufuria kikaja kwanza. Mtoto huyu alikuwa na mazoea yake: kila asubuhi mama yake akishika mwiko, yeye hutambaa, huchukua kifuniko na kukigonga sakafuni hadi majirani waamke. Siku ile dada alikidondosha kifuniko mwenyewe, kikalia chini kwa kishindo, na mtoto hakugeuza hata shingo. Dada alikiokota akaendelea na uji. Hakusema moyoni kwamba hii ni dalili. Kisha akakumbuka njia. Kutoka nyumbani hadi kituoni ni mwendo wa saa nzima, kupanda na kushuka, mtoto amefungwa mgongoni. Akanyamaza na maharage mkononi, halafu akasema neno ambalo sijalisahau: "Tumbo lake lilikuwa linanigonga mgongoni. Haraka haraka. Siku zote hanigongi hivyo."

Mgongo wake ulikuwa umeshahesabu zile pumzi. Ulizihesabu njia nzima, kabla ya saa ya muuguzi, na ukapeleka habari moyoni. Kilichokosekana ni maneno tu. Alipoulizwa na mtabibu "ana nini?", alitafuta jina la ugonjwa, hakulipata, akasema hajui. Na kumbe alikuwa anajua kuliko mtu yeyote aliyekuwa pale kibarazani.

Haya si ya akina mama wa huku kwetu Buha peke yao. Mwaka 2012 jarida la madaktari la Uingereza liitwalo BMJ lilichapisha utafiti uliofanyika Ubelgiji kwa watoto na vijana 3,890 waliofikishwa kwa madaktari wa ngazi ya kwanza, wale unaowaendea kabla ya kufika hospitali kubwa. Madaktari waliombwa waandike walichopima, na pia waandike kama ndani yao kuna kitu kinakataa, hata pale vipimo vilipokuwa vizuri. Watoto 3,369 walionekana hawana ugonjwa mkubwa. Sita kati yao baadaye walilazwa kwa maambukizi makali. Watafiti walipochambua wakaona kwamba kama madaktari wangeufuata moyo wao uliposita, wawili kati ya wale sita wasingepita bila kuonekana.

Na nini kilichousitisha moyo wa daktari? Mtoto aliyelegea, asiyecheka, anayepumua vibaya. Na lingine nililolisoma mara mbili: mzazi anayesema kwamba ugonjwa wa safari hii si kama ule aliouzoea kwa mwanawe. Yaani ni maneno ya dada yangu, "huyu siyo yeye", yamevaa koti jeupe.

Lakini nitakuwa nawadanganya nikiishia hapo. Utafiti ule ule ulionyesha gharama. Ili kuwapata wale wawili, watoto 44 wengine wangesumbuliwa bure, kwa sababu moyo wa daktari ulisita na mtoto akakutwa mzima. Arobaini na nne kwa wawili. Huku kwetu kusumbuliwa bure ni nauli ya bodaboda hadi Kasulu, ni siku nzima ya jembe imepotea, ni mume kuuliza fedha ya chumvi imekwenda wapi. Sisemi ni kitu kidogo. Nasema kwamba mimi ningelipa. Na nasema pia kwamba mtu anayekuambia moyo wake haujawahi kumdanganya, huyo hajahesabu. Sote tunazikumbuka siku ambazo machale yalipatia, tukazisimulia msibani na harusini. Zile yalipokosea tumezisahau kabla jua halijazama.

Basi utajuaje ni lini uuamini moyo wako?

Mama yetu mzazi aliishi miaka mingi na swali hilo bila kulitamka, akalijibu kwa mahindi. Ukimletea gunia la mahindi yaliyokauka na kumwuliza kama yako tayari kuhifadhiwa, alikuwa anachukua punje moja, anaiweka kati ya meno ya pembeni, anafumba macho. Ikilia "ka!" ikavunjika bila kubonyea, alitikisa kichwa kukubali. Ikikubali jino kidogo tu, hata wewe ungeapa imekauka, alisema, "Anika tena." Tulibishana naye sana tukiwa vijana, kwa sababu kuanika tena ni kazi na mawingu hayana ahadi.

Siku moja akaja bibi shamba na chupa ya soda tupu na chumvi kavu. Alitia chumvi kwenye chupa iliyokauka vizuri, akaongeza mahindi yetu hadi kama theluthi ya chupa, akafunga, akatikisa, akaiweka kando robo saa. Chumvi ikiganda kwenye kioo, mahindi yana maji bado. Ikibaki chini, huru, yanafaa kuingia guniani. Tukamletea mama mafungu mawili, akauma punje, akatoa hukumu yake kabla chupa haijatoa yake. Fungu la kwanza akasema bado, chumvi ikaganda. La pili akasema tayari, chumvi ikadondoka chini kama mchanga. Mama hakushangilia. Aliomba aachiwe ile chupa.

Nimelifikiria jambo hilo la chupa miaka mingi. Mwanamke ambaye jino lake halikukosea aliomba aachiwe chupa. Mahindi mabichi guniani huzaa kuvu, na kuvu huleta sumukuvu. Mwaka 2016 watu wa Dodoma na Manyara walikufa kwa kula mahindi yenye sumu hiyo, mahindi ya shambani mwao wenyewe. Mama alijua kwamba jino lake lilifundishwa na magunia yaliyooza. Kila mwaka alihifadhi, na baada ya miezi mitatu alifungua na kuona kama aliamua vyema. Miaka arobaini ya kuuma punje na kisha kufungua gunia ndiyo iliyompa jino lile. Chupa ilikuwa ni njia ya kuendelea kujifunza.

Wataalamu wawili wa nafsi ya binadamu, Daniel Kahneman na Gary Klein, walifika mahali pale pale alipofika mama. Kahneman, aliyepata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2002, alitumia maisha yake kuonyesha jinsi hisia za haraka zinavyotupotosha. Klein alitumia yake kuonyesha jinsi zinavyookoa. Yeye ndiye aliyesimulia habari za kiongozi wa kikosi cha zimamoto Marekani aliyeingia na vijana wake katika nyumba ambayo jiko lake lilikuwa linawaka. Walimwaga maji, moto haukusikia. Sebule ilikuwa na joto kupita kiasi, na moto ulikuwa kimya kuliko inavyopasa. Akawaamuru watoke, bila kujua kwa nini. Walipotoka tu sakafu ikaporomoka, kwa kuwa moto wenyewe ulikuwa chini, katika chumba cha ardhini. Kiongozi yule mwenyewe aliamini kwamba ana hisi ya sita. Klein alimkalisha akamrudisha hatua kwa hatua, kama nilivyofanya na dada, hadi joto na ule ukimya vikajitokeza.

Kahneman na Klein, wapinzani hawa, waliandika pamoja mwaka 2009 na kukubaliana juu ya masharti mawili. La kwanza, jambo lenyewe liwe na utaratibu wa kudumu, dalili zake zisiwe za bahati nasibu. La pili, mtu awe amepata muda mrefu wa kujaribu na kuonyeshwa matokeo. Mahindi yana utaratibu. Pumzi ya mtoto ina utaratibu. Ziwa Tanganyika usiku lina utaratibu wake kwa mvuvi wa dagaa aliyezeeka nalo, ndiyo maana akisema leo hatutoki, vijana hufunga mtumbwi. Mkunga wa miaka ishirini, mfuga nyuki wa Kibondo anayeusikia mlio wa mzinga ukibadilika kabla hajaukaribia, mwalimu anayejua nani hajala asubuhi kwa kutazama tu madawati: hawa wausikilize moyo wao, nasi tuwasikilize.

Lakini kijana anayeniambia moyo unamtuma kwamba timu fulani itashinda Jumamosi, akaweka fedha ya mbolea kwenye mkeka, huyo sina la kumpa ila huruma. Moyo wake haujafundishwa na kitu. Tofauti naye ni wale waliopanda mbegu zao DECI, mpango wa upatu ambao serikali iliusimamisha mwaka 2009. Wengi wao, ukikaa nao leo, wanakuambia kuna siku walisita. Walisita mlangoni, na fedha mkononi. Walipomwona jirani yuko mbele kwenye foleni, wakajiambia, kumbe ni wasiwasi wangu tu. Hapo moyo ulikuwa na haki, maana kila mmoja wetu anajua kwa maisha yake yote kwamba fedha haizai bila kazi, na hilo ni somo lenye utaratibu kuliko mengi.

Hapa jirani, ndani ya mkoa wetu huu, kuna mfano wa moyo uliofundishwa ambao dunia nzima inaujua na sisi tunausahau. Tarehe 14 Julai 1960 Jane Goodall, msichana wa miaka 26 kutoka Uingereza asiye na shahada yoyote, alishuka kwenye ufukwe wa Gombe akiwa na mama yake na mpishi. Sokwe walimkimbia miezi kadhaa. Alikaa juu ya kilima na darubini, siku baada ya siku, hadi dume mmoja mwenye ndevu za kijivu, aliyempa jina la David Greybeard, akamwacha asogee. Novemba ya mwaka huo huo alimwona akichomeka jani la nyasi kwenye kichuguu na kuvua mchwa. Alipokwenda Cambridge baadaye, wasomi walimwambia amekosea kuwapa sokwe majina, eti angewapa namba, na asizungumzie tabia ya kila mmoja. Moyo wake ulikataa. Tangu utotoni alikuwa ameishi na mbwa aliyempenda, akajua kwamba mnyama ana tabia yake. Hakuiacha imani hiyo, wala hakuiacha ibaki imani tupu. Aliijaza madaftari. Watanzania waliofanya kazi pale, kama Hilali Matama, wakaijaza madaftari mengine, kwa Kiswahili, wakiwafuata sokwe kutoka kiota hadi kiota. Hilali ndiye aliyeshuhudia mwaka 1974 sokwe wa kundi moja wakimvamia mwenzao wa kundi jingine, mwanzo wa vita vya miaka minne ambavyo hakuna aliyedhani sokwe wanaviweza. Jane Goodall alifariki Oktoba 2025 akiwa na miaka 91. Daftari la Gombe bado linaandikwa.

Sasa nifike mahali panaponiuma.

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa najenga. Nilimpa kibarua kijana mmoja wa kubeba matofali, mpole, mchapakazi. Siku ya nne nikakosa shilingi 80,000 nilizokuwa nimeziweka ndani. Mwili ukanisisimka. Nilijua. Nawaambia ukweli, nilijua kwa uhakika ule ule ambao dada yangu alikuwa nao kwenye benchi, tena kwa nguvu zaidi. Nikamwita mbele ya mafundi nikamwuliza fedha ziko wapi. Alinitazama tu, akaweka chini tofali alilolishika, akanawa mikono, akaondoka bila kudai ujira wake wa siku tatu. Baada ya wiki tatu nikazikuta fedha katikati ya daftari langu la mauzo ya kahawa, nilipoziweka kwa mkono wangu mwenyewe. Nilimtafuta. Niliambiwa ameelekea Uvinza. Sijamwona hadi leo.

Nilipojirudisha hatua kwa hatua, kama nilivyomrudisha dada, nikajiuliza: siku ile niliona nini? Sikuona kitu. Sikumwona akiingia ndani wala akikaribia mlango. Nilichokuwa nacho ni lafudhi yake ya ng'ambo ya mpaka na shati lake lililochanika begani. Hivyo tu ndivyo moyo wangu uliviita ushahidi.

Nimelisema hili hadharani kwa sababu mkoani kwetu tunalijua neno kamchape. Watu wanafiwa, ng'ombe wanakufa, mtoto anaanguka shuleni, na moyo wa kijiji unasisimka wote pamoja. Kila mtu "anahisi". Kinachohisiwa huwa ni bibi mmoja mjane, anayeishi peke yake, mwenye macho mekundu kwa sababu amepikia kuni miaka sitini katika jiko lisilo na dirisha. Wanaletwa kamchape, watu wa kufichua wachawi, fedha zinachangwa, sakafu inachimbwa, kinatolewa kibuyu, na usiku nyumba inawaka. Sheria ya Uchawi ipo tangu 1928, inakataza kumwita mtu mchawi, na bado. Ukimwuliza mmoja wa wale vijana waliobeba kiberiti aliona nini, hana jibu. Alihisi.

Ndugu zangu, kuhisi huko na kule kwa dada yangu havifanani, ingawa vinapiga kifuani kwa nguvu moja. Dada alisita juu ya mtoto aliyemjua kila pumzi. Mimi nilisisimka juu ya mtu nisiyemjua. Moyo wa dada ulimwambia akae kwenye benchi, yeye mwenyewe, na gharama iwe yake. Wangu uliniambia nimnyooshee kidole mwingine, na gharama akailipa yeye. Tangu siku ile nimejiwekea kanuni: moyo ukinituma nisogeze miguu yangu, nisipande gari hili, nisitie sahihi leo, nirudi nikamtazame mgonjwa, nautii upesi. Moyo ukinituma niinue mkono juu ya mtu, naukalisha chini na kuudai ushahidi wote, na mara nyingi hauna.

Kuna pia wale ambao moyo wao hausiti bali hautulii kabisa. Huku kwetu tuliwapokea ndugu wa Burundi mwaka 1972, tukawapokea 1993, tukawapokea tena 2015, na kambi ya Nyarugusu imejaa waliotoka Kongo tangu 1996. Mtu aliyekimbia usiku, mlango ukibamizwa na upepo yeye yuko nje tayari, mtoto mkononi. Moyo wake haujaharibika. Ulifundishwa mahali ambapo mlango ukibamizwa ilikuwa lazima kukimbia, na somo hilo lilimwokoa. Ila sasa yuko mahali pengine, na moyo haujui. Mtu wa namna hii usimwambie auamini moyo wake tu, wala usimcheke. Kaa naye. Aonyeshwe milango mingi iliyobamizwa na upepo mtupu, usiku mwingi, hadi mwili wake ujifunze Muyama.

Na sisi wengine pia tujichunguze kabla ya kuita kila kitu machale. Njaa husitisha moyo. Kukosa usingizi, deni, hasira ya jana, vyote vinagonga kifuani. Jambo likiweza kusubiri, lilalie usiku mmoja, ule kwanza, ulitazame tena asubuhi. Pumzi za mtoto haziwezi kusubiri, hizo hazilaliwi.

Nina neno kwa watumishi wa afya mnaonisikiliza. Najua mko wachache na foleni inazunguka mwembe. Sisemi kwa kulaumu. Mwaka 2021 msichana wa miaka 13, Martha Mills, alifariki London, katika nchi yenye mashine zote, baada ya kuumia alipoanguka na baiskeli. Wazazi wake walikuwa kitandani pake wakisema hali inabadilika, na hawakusikilizwa ipasavyo. Mama yake, Merope, hakunyamaza, na tangu 2024 hospitali za England zimeanza kuipa familia haki ya kuita timu nyingine imwangalie mgonjwa haraka. Inaitwa Kanuni ya Martha. Sisi hatuhitaji kungoja kanuni. Mama akisema "huyu siyo yeye", msimwulize ana nini, hilo ni swali lenu ninyi. Mwulizeni: leo amefanya nini tofauti na jana? Kisha pandisheni shati, mhesabu pumzi dakika moja kamili.

Na kwako mama. Nchi hii imepiga hatua: utafiti wa afya wa 2015/16 ulikadiria vifo vya uzazi 556 kwa kila vizazi hai 100,000, na ule wa 2022 ukakadiria 104. Wale 104 nao wana majina. Mtoto akipunguza kucheza tumboni, kichwa kikiuma usivyokizoea, macho yakiona ukungu, uso ukivimba, ukaona damu, usijiambie ni uchovu wa shamba. Ondoka nyumbani. Na ukifika usiseme "sijui, nahisi tu." Sema ulichokiona: jana alicheza mara nyingi, leo tangu alfajiri mara moja. Sema kifuniko kilianguka hakugeuka. Sema ananigonga mgongoni haraka. Wakikuambia urudi nyumbani na moyo bado unakataa, kaa kwenye benchi.

Mtoto wa dada yangu yuko darasa la tatu mwaka huu. Kifuniko cha ile sufuria kimebonyea upande mmoja, na dada hataki kukibadilisha.